Mche Usio na Jina

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Likoni, Kisauni na Changamwe, kabla ya mvua za mwaka)



Leo hatutazungumza juu ya mikopo, wala juu ya uchaguzi wa viongozi wa vikundi. Tutazungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, na ambalo karibu kila kitalu chetu kinalo: mche usio na jina.

Tukitembelea vitalu, iwe ni Mtongwe, Mwakirunge au Miritini, tunakuta miche mizuri, imemwagiliwa maji, imetiwa kivuli cha makuti. Tunauliza, hii ni miche gani? Tunajibiwa, hiyo ni miembe. Na hii ya pembeni? Hapo watu wanatazamana. Mmoja anasema ni michungwa, mwingine anasema ni midimu, wa tatu anasema, "Aliyesia hayuko leo." Sivyo?

Tusilaumiane. Miche isiyo na jina huingia kitalu kwa njia nyingi. Kibao kilikuwapo, mvua ikafuta maandishi. Mgeni alitoka Kwale na zawadi ya miche mitatu ndani ya mkebe, akavuka feri kurudi kwao bila kusema ni nini. Matunda yalinunuliwa Kongowea, yakaliwa, mbegu zikatupwa jalalani, zikaota zenyewe. Ndege na popo nao ni wapanzi, na hawaandiki majina. Tena kuna mbegu zinazouzwa kwa kijiko, zimefungwa katika kipande cha gazeti, na muuzaji mwenyewe anakisia.

Basi, hasara iko wapi? Iko mara tatu.

Kwanza ni hasara ya muda. Mchicha ukikosea, umepoteza wiki chache. Lakini mti wa matunda ukikosea, umepoteza miaka. Mtu anapanda mche akidhani ni mchungwa, anaumwagilia, anauzungushia miiba mbuzi wasiule, miaka inapita, siku ya kuzaa anavuna madanzi. Shamba lenyewe ni dogo, nafasi ilikuwa ni hiyo moja.

Pili ni hasara ya jina la kikundi. Wengi wenu mnauza miche kando ya barabara. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mteja aliyeuziwa mche akaambiwa ni ndimu, ukawa si ndimu, harudi, na anawaambia jirani zake.

Tatu, na hii ndiyo kubwa, ni hatari ya sumu. Mwaka 2019, mwezi wa Machi na Aprili, kule Karamoja nchini Uganda, karibu watu 300 waliugua na watu 5 wakafa baada ya kula uji wa unga wa msaada uliogawiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Maabara zilipopima unga ule zilikuta ndani yake sumu ya mmea tunaouita mnanaha. Wengine huuita mranaha, na wengine husema datura tu. Mmea huu huota wenyewe mashambani katikati ya mazao, na mbegu zake zikivunwa pamoja na mazao huingia katika chakula. Huku kwetu nao upo. Unapenda sana mahali penye mbolea: karibu na zizi, jalalani, na pembeni mwa bustani ya mboga. Ukiwa mkubwa hakuna asiyeujua, maana una ua refu kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda lake lina miiba. Lakini je, ukiwa na majani manne tu, nani kati yetu anaujua?

Hapo ndipo penye neno letu la leo. Kanisani tumefundishwa kwamba mti hutambulikana kwa matunda yake, na ni kweli. Lakini mche hauna matunda. Hauna hata ua. Tena mche mchanga mara nyingi haufanani na mama yake. Bwana Yesu alipotoa mfano wa magugu katikati ya ngano, katika Injili ya Mathayo sura ya 13, alikuwa anasema na wakulima waliolijua jambo hili. Wataalamu wengi wanaona kwamba magugu yale ni aina ya nyasi inayofanana mno na ngano ikiwa changa, na punje zake huweza kudhuru mtu. Mwenye shamba hakuwaruhusu watumishi wakimbilie kung'oa. Aliogopa wasije wakang'oa na ngano.

Basi nasi tusikimbilie kung'oa, wala tusikimbilie kupanda. Tujifunze kuutazama mche kwa utaratibu. Tumeyaweka katika maswali matano, ili hata mtoto wa shule aweze kuyashika.

MASWALI MATANO YA KUULIZA MCHE

La kwanza: Umetoka wapi? Chunguza udongo ulioota. Je, mbegu bado iko? Mara nyingi ganda la mbegu huwa bado limeshikamana na mche, au limezikwa kidogo tu. Kokwa la embe halifichiki. Fukua polepole kwa kidole.

La pili: Uliotaje? Mimea mingi hutoa kwanza majani mawili ya mbegu, ambayo si majani yake ya kweli. Mengine hupanda juu pamoja na shina, na mengine hubaki chini ardhini. Hii ni alama kubwa, lakini haidumu, kwa maana majani ya mbegu huanguka. Kwa hiyo mche utazamwe mapema.

La tatu: Majani yamepangwaje? Je, yanatoka mawili mawili yakielekeana, au moja moja kwa kupishana, au matatu pamoja kuzunguka shina? Je, ni jani moja zima, au ni jani lililogawanyika kuwa vijani vingi juu ya kikonyo kimoja? Ukingo wake ni laini, au una meno kama msumeno?

La nne: Likipondwa linanukaje? Chukua jani moja, lifikiche kwa vidole, nusa kwa mbali kidogo. Mimea mingi hujitangaza kwa harufu. Baada ya hapo nawa mikono kwa sabuni.

La tano: Likikatwa hutoa nini? Mengine hutoa utomvu mweupe kama maziwa, mengine maji maji tu. Hapa tahadhari: utomvu usikaribie macho. Mnaujua mnyaa unavyochoma.

Ndugu zetu, hakuna swali la sita la kuonja. Tunarudia, mche usiojulikana hauonjwi. Hata kwenye ncha ya ulimi. Na tusiwape mbuzi kama jaribio, eti wakila basi ni salama. Mbuzi hula vitu ambavyo mwanadamu havimfai.

Jibu moja halitoshi. Majibu matatu yakikubaliana, hapo tunaweza kuanza kusema, "Huu ni fulani."

MICHE INAYOTUCHANGANYA

Sasa tuyatie maswali haya kazini, tukianza na bustani ya mboga.

Nyanya, pilipili, biringani na mnavu ni ndugu wa ukoo mmoja, na mnanaha ni ndugu yao pia. Ndiyo maana wakiwa wachanga wanafanana. Mche wa nyanya una manyoya madogo, majani yake ya kweli yamekatika katika, na ukiugusa tu vidole vinanuka nyanya. Pilipili ina jani zima, laini, linalong'aa, halina manyoya ya kushikika. Biringani lina jani nene lenye manyoya kama kitambaa, na ukingo wake unapinda pinda. Mnavu ni mdogo, jani lake ni laini na halina harufu kali. Mnanaha hutoa kwanza majani ya mbegu marefu na membamba, kisha majani ya kweli yanayoendelea kuwa makubwa upesi, na ukingo wenye mawimbi au meno. Ukiyaponda yananuka vibaya, harufu ya kutia kichefuchefu. Mche ukikua haraka kupita wenzake wote katika tuta la mboga, na unanuka hivyo, ung'oe na mizizi yake kabla haujatoa mbegu. Usiutupe kwenye mbolea wala kwa mifugo.

Mchicha ukiwa mchanga nao una majani ya mbegu membamba, lakini ni madogo sana, na mara nyingi shina lake la chini lina wekundu. Jani la kweli la mchicha, likianza kupanuka, lina kijipengo kidogo kwenye ncha. Wanaochuma mboga jioni, giza likiingia, wawe waangalifu. Mboga zichumwe kukiwa na mwanga, zichambuliwe jani kwa jani juu ya ungo.

Na kama mtu amekwisha kula? Dalili za mnanaha ni kinywa kukauka, macho kutoona sawasawa na mboni kuwa kubwa, ngozi kuwa moto na kavu, moyo kwenda mbio, na kuzungumza maneno yasiyoeleweka. Jamani, hayo si mapepo, wala si kurogwa. Mpelekeni hospitali iliyo karibu mara moja, na mchukue kipande cha mmea au mabaki ya chakula ili daktari akione. Msimlazimishe kutapika.

Tuje kwenye matunda. Mwembe na mkorosho ni wa ukoo mmoja. Mwembe huacha majani yake ya mbegu chini ndani ya kokwa. Kinachotokea juu ni shina na majani marefu yenye ncha, mara nyingi ya rangi ya shaba au wekundu, na yakipondwa yananuka embe bichi. Mkorosho huinua korosho yenyewe juu ya ardhi, ikafunguka vipande viwili vinene, na majani yake yana ncha ya mviringo. Ukiuona mapema huwezi kukosea. Ukichelewa, tazama ncha ya jani.

Mchungwa, mlimau, mdimu, mdanzi, mchenza na mbalungi ndio wanaoleta ugomvi mwingi kuliko wote. Yote ina miiba ikiwa michanga, na yote inanukia. Fanya hivi: tazama kikonyo cha jani, pale linapoungana na tawi. Mingi ina kibawa kidogo pembeni mwa kikonyo. Mlimau karibu hauna kibawa. Mdimu una kibawa chembamba, jani dogo na miiba mikali. Mchungwa una kibawa chembamba pia, lakini jani lake ni kubwa zaidi. Mdanzi una kibawa kipana. Mbalungi una kibawa kikubwa hata utadhani ni jani dogo limeungwa chini ya jani kubwa. Kisha ponda, unuse: kila mmoja ananukia kama ganda la tunda lake. Chukua jani la mti mkubwa unaoujua, uliponde mkono wa pili, ulinganishe.

Hapo hapo, tuseme juu ya miche ya kuunganishwa, ile wengine huiita ya kubebeshwa. Mchungwa wa kununua mara nyingi huwa umeunganishwa juu ya shina la limau kali. Chipukizi linalotoka chini ya kiungo ni la limau, si la chungwa. Likiachwa, litaishinda sehemu ya juu, na mwenye mti atalalamika kwamba mchungwa wake "umegeuka". Haukugeuka. Kata chipukizi hilo lingali dogo.

Mpapai, muhogo na mbarika huchanganywa na watoto, kwa sababu yote ina majani kama kiganja cha mkono. Mpapai na muhogo ukivikata hutoa maziwa. Mbarika hutoa maji tu, na majani yake ya mbegu ni mapana yenye mishipa inayoonekana wazi. Mbegu za mbarika zina sumu ya kuua, na zina madoadoa mazuri yanayowavutia watoto. Mbarika usiachwe ukaota karibu na mahali pa kuchezea.

Kwenye ua wa nyumba kuna oleanda, tunaoupanda kwa ajili ya maua. Upo wa maua ya waridi na meupe, ambao majani yake membamba hutoka matatu matatu kuzunguka shina, na upo wa maua ya manjano, ambao majani yake hutoka moja moja. Yote miwili ina sumu, majani, mbegu na utomvu. Vijiti vyake visitumike kuchomea mishikaki wala kukorogea chakula.

Upande wa miti, mwarobaini una jani lililogawanyika mara moja tu, vijani vyake vikiwa na meno kama msumeno. Lakini majani yake ya kwanza kabisa huwa na vijani vitatu tu, kwa hiyo usiamue kabla haujatoa majani kadhaa. Yupo ndugu yake mwenye maua ya zambarau, anayepandwa kwa kivuli. Jani lake limegawanyika mara mbili, na matunda yake ni sumu. Watu wengi wanauchuma wakidhani ni mwarobaini wa dawa. Mlonge, ambao wengine huuita mzunze, jani lake limegawanyika hata mara tatu, vijani ni vya mviringo, na vikipondwa vinanuka ukali kama haradali. Lusina jani lake limegawanyika mara mbili, na vijani ni vyembamba na vingi.

Mbuyu ndio unaowadanganya wengi. Kila mtu anajua jani la mbuyu lina vidole vitano au saba. Lakini mbuyu mchanga hutoa kwanza majani mamoja mamoja, yasiyo na vidole hata kimoja. Watu huung'oa wakidhani ni gugu. Ukiwa na shaka, gusa mzizi: mbuyu mchanga hunenepa chini kama karoti.

Mvinje huonekana kama una sindano badala ya majani. Chukua sindano moja, ivute: itaachana pingili kwa pingili, kama mua mdogo sana. Hayo ni matawi, na majani yenyewe ni vijimeno vidogo kwenye viungo. Pale Bamburi, machimbo ya mawe ya saruji yaliyokuwa jangwa tupu yalianza kupandwa miti mwaka 1971, chini ya uongozi wa René Haller. Miti ya aina nyingi ilijaribiwa, na mvinje ni kati ya michache iliyokubali kuota pale. Leo pana msitu. Tunataja habari hii kwa sababu jaribio lolote huwa na maana pale tu tunapojua ni mche gani tuliouweka wapi. Kama hujui jina la mche uliofaulu, utapanda nini mwaka ujao?

Mwisho mnazi. Ukisia nazi za kitamli, tazama rangi ya vikonyo vya majani ya kwanza. Vya kitamli cha manjano hutoka manjano, vya kitamli cha rangi ya chungwa hutoka hivyo. Ukiona katikati yao mche wenye vikonyo vya kijani kilichochanganyika na udongo, ujue umechanganyika na mnazi mrefu. Si mbaya, lakini usiuuze kwa jina la kitamli.

YASIYOWEZA KUJULIKANA

Tuseme ukweli, kwa sababu ukweli ndio utakaolinda jina la kikundi. Yapo mambo ambayo mche hauwezi kutuambia, hata tuutazame namna gani.

Mwembe uliotoka kwenye kokwa, huwezi kuapa kwamba utazaa Ngowe au Boribo, hata kama kokwa lenyewe lilikuwa la Ngowe. Mara nyingi mtoto wa kokwa hafanani na mama. Anayetaka uhakika apande mche wa kuunganishwa. Kwa hiyo kwenye kibao andikeni "mwembe wa kokwa", msiandike "Ngowe".

Mpapai hauonyeshi jinsia yake mpaka utoe maua. Dume hutoa maua madogo mengi kwenye vikonyo virefu vinavyoning'inia. Jike hutoa maua makubwa karibu na shina, na chini ya ua utaona kipapai kidogo. Iko pia ya aina ya tatu, yenye ua la jinsia zote mbili. Basi pandeni miche mitatu katika shimo moja, msubiri maua, kisha mng'oe isiyotakiwa. Katika majike kumi hivi, dume mmoja anatosha.

Na mboga za kutambaa, boga, mumunye na tango, zikiota zenyewe jalalani, huenda zimechanganyika. Tunda likiwa chungu, tena chungu kupita kiasi, litupwe, hata likiwa zuri kwa macho. Uchungu huo haumalizwi na kupika.

MAJINA YENYEWE

Kuna tatizo jingine. Mara nyingine mche una jina, lakini ni majina matano. Mwarobaini, ndugu zetu Wagiriama na Wadigo huuita mkilifi. Mtu wa Likoni akiagiza mikilifi kutoka kwa kikundi kisichojua neno hilo, biashara imekwisha. Kwa hiyo tunaomba vibao vyenu viwe na jina la Kiswahili na jina la kienyeji linalotumika hapo. Wazee wetu, hasa akina mama wanaochuma mboga za porini kama mchunga, wana elimu kubwa ya majani machanga. Waalikeni kitaluni, iwe ni Mkristo au Mwislamu, mkae nao asubuhi moja, muandike wanayosema. Kuuliza si ujinga.

Mkishindwa, kateni tawi dogo, lilazeni katikati ya magazeti makavu, wekeni mawe juu, mbadilishe magazeti kila siku mpaka likauke. Andikeni mahali lilipotoka, tarehe, na urefu wa mmea. Mpelekeeni afisa wa kilimo wa eneo lenu. Juu yake kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO pale Mtwapa, na kwa miti ya msitu kuna KEFRI pale Gede. Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, ambako wataalamu hulinganisha majani kama hayo.

Vijana wanasema simu ina programu inayotambua mimea kwa picha. Ni msaada, tusiikatae. Lakini nyingi hutegemea sana ua na jani lililokomaa, na mche mchanga huweza kuzikosesha. Jibu la simu liwe mwanzo wa kuuliza, lisiwe ruhusa ya kula.

KIBAO NI SHUGHULI YA SIKU YA KUSIA

Haya yote tuliyoyasema ni kazi ya kutafuta kilichopotea. Ni rahisi zaidi kutokipoteza. Kateni vipande kutoka mtungi wa zamani wa mafuta ya kupikia, mwandike kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Penseli haifutwi na jua wala mvua. Au chukueni mkebe wa soda, mkate bati lake, mkwaruze jina kwa msumari. Vibao viwe viwili kwa kila tuta, kimoja kichwani, na kingine kimezikwa kwenye kona, kwa sababu watoto hupenda kung'oa vya juu.

Kisha daftari. Andikeni tarehe ya kusia, jina, mbegu ilitoka wapi, tuta la ngapi, na nani aliyesia. Kila kikundi kimchague mtu mmoja wa daftari, na mwingine wa kumsaidia, ili mmoja akisafiri au akiugua, majina yasiondoke naye.

Na kwa miche ambayo tayari haina jina, tengeni kona moja ya kitalu. Muiite kona ya mashaka. Bakisheni miche miwili ya kila aina, iwekeni kwenye mikebe mikubwa, muitazame ikikua, isipokuwa ile mliyokwisha kuitambua kuwa ni sumu. Hapo mtakuwa mmefanya kama mwenye shamba wa Injili, kusubiri bila kulala usingizi. Sheria ya kona hiyo iwe fupi: hakiliwi, hakiuzwi, hakilishwi mifugo, mpaka kitambuliwe.

Mvua za mwaka hazisubiri. Kabla hazijafika, tunawaomba kila kikundi kikae na kujadili haya:

1. Katika kitalu chetu, ni miche mingapi haina kibao leo? Ihesabuni, msikisie.
2. Ni nani katika mtaa wetu anayeyajua majani machanga, na tumemwalika lini mara ya mwisho?
3. Je, mnanaha, mbarika au oleanda iko karibu na shule au bustani yetu ya mboga? Nani ataishughulikia, na lini?
4. Daftari la kitalu liko kwa nani?

Majibu yenu mtuletee katika mkutano ujao wa vikundi. Njooni na vipande vya majani vilivyokaushwa, tuvitazame pamoja. Mungu azibariki kazi za mikono yenu, na mvua ije kwa kiasi.